Sura ya Tano: Babu Alikuwa Keya

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, historia yote ya vita imebaki katika sentensi moja. Babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la hapa kwetu. Au: mzee wetu alikwenda Bama, yaani Burma. Au, kwa ukoo wenye kumbukumbu ndefu zaidi: yule mkubwa wao alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu, hakurudi. Sentensi hiyo hutajwa matangani au wakati wa arusi, wazee wakatikisa vichwa, mazungumzo yakaendelea. Watoto huikariri vilevile walivyoisikia. Lakini waulize aliandikishwa mwaka gani, alipigana wapi, alirudi na nini, jeshini aliitwa nani. Nyumba nzima itanyamaza, na ni nyumba inayompenda kwa dhati.

Naandika sura hii kwa sababu naamini askari wa ukoo haheshimiwi kwa kusifiwa tu. Anaheshimiwa kwa kujulikana. Picha ya ukutani ni jambo jema, na hitima au misa ya kumwombea ni jambo jema zaidi. Lakini anayeombewa ni mtu aliyekuwa mahali fulani, mwaka fulani, akifanya kazi fulani, na mengi ya hayo bado yanaweza kupatikana.

Anza na umri wake. Vita vilivyochukua watu wetu kwa wingi chini ya bendera za kigeni ni viwili, vya 1914 hadi 1918 na vya 1939 hadi 1945, na pengo la miaka 20 hivi kati yake ndilo linalokusaidia. Mtu aliyezaliwa karibu na mwaka 1890 ni wa vita vya kwanza. Aliyezaliwa karibu na 1920 ni wa vya pili. Cheti cha kuzaliwa hutakipata, kwa hiyo usikitafute. Tafuta rika lake la jando, njaa iliyokumbukwa mwaka alipozaliwa, homa kubwa ya 1918, au reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Bibi mmoja mwenye akili timamu, akikwambia kwamba kaka yake aliondoka kabla ya homa ile, amekupa tarehe bora kuliko karani yeyote.

Swali la pili ni la kazi, na hapa ndipo koo nyingi huteleza bila kujua. Tumezoea kudhani kwamba kwenda vitani ni kushika bunduki. Katika vita vya kwanza hapa kwetu, kwa kila aliyeshika bunduki walikuwapo wengi waliobeba mizigo. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi, barabara hazikuwapo, kwa hiyo risasi, unga, dawa, mahema na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 25 hivi, na mpagazi mwenyewe alipaswa kula, maana yake sehemu ya alichobeba ililiwa njiani na wabebaji. Jeshi lilivyozidi kusonga mbali na reli ndivyo lilivyohitaji watu wengi zaidi. Mwaka 1917 utawala wa Waingereza katika Kenya ya leo uliendesha msako mkubwa wa wanaume chini ya John Ainsworth, na vijiji vingine vilibaki na wazee, wanawake na watoto. Dar es Salaam, Waingereza walipoiteka mwaka 1916, waliwapanga wapagazi wao pale tunapopaita Kariakoo leo. Kila siku maelfu ya watu hununua na kuuza juu ya kambi ile.

Wapagazi wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea ndizi, wali au mtama walipewa unga wa mahindi, wakaupika haraka usiku kwa kuni mbichi, wakaula haujaiva, na matumbo yao hayakustahimili. Vitabu vya Waingereza wenyewe viliandika vifo karibu 45,000 vya wapagazi wao, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kama mara mbili ya hiyo. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa kwa namna inayofanana hata na hiyo. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia warithi, kwa madai kwamba warithi hawakuweza kutambuliwa.

Kwa hiyo kama ukoo wenu una mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo, mpeni nafasi ya mbele. Nimesikia familia zikimtaja keya wao kwa fahari na kumpitisha mpagazi kwa sauti ya chini, kana kwamba alikuwa kibarua tu aliyepita karibu na vita. Hapana. Vita vile vilitembea kwa miguu yake, na aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufa ni yeye. Aliyekuwa na nafasi ndogo ya kuandikwa jina ni yeye pia.

Hilo la jina liliamuliwa ofisini. Baada ya vita, Wazungu waliofia hapa walijengewa makaburi yenye majina kila mmoja. Unaweza kuyaona Moshi, Tanga, Iringa, Dar es Salaam, na ng'ambo ya mpaka huko Taveta na Voi. Waafrika waliwekewa sanamu za pamoja: Dar es Salaam askari wa shaba kazi ya James Alexander Stevenson, aliyezinduliwa mwaka 1927 mahali iliposimama awali sanamu ya Mjerumani Wissmann, na Nairobi watu watatu, mmoja wao mpagazi. Ni kazi nzuri, na mimi napenda kupita pale. Lakini jina halipo hata moja. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti juu ya mwenendo wake wa zamani na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo haimrudishi mtu. Ila inaupa ukoo haki ya kusema kwa sauti kwamba kukosekana kwa jina la babu yao kwenye jiwe si ushahidi kwamba hakwenda.

Nataka kukaa kidogo na mtu mmoja, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake, mwenye asili ya Sudani, alikuwa askari wa Wajerumani mwenye cheo cha efendi. Vita vilipoanza mtoto alikuwa na miaka 10, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kusini kule karibu na Lindi, katika mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo hapa kwetu, akashikwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani na kwenda Berlin. Alikwenda kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Aliambiwa amechelewa.

Alibaki huko. Alihudumu hotelini, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni Berlin, akaigiza katika filamu, na akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 wafuasi wa Hitler walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alikufa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin.

Kilichonigusa ni lile dai la kwanza. Kijana wa miaka 25, kavuka bahari, anasimama mbele ya serikali ya wageni akiwa na hesabu ya baba yake. Hakuomba sifa. Alitaka iandikwe kwamba huyu alifanya kazi hii kwa muda huu na anadai kiasi hiki. Tukifanya hivyo kwa wazee wetu, hata kama hakuna shilingi ya kudai tena, tutakuwa tumewatendea haki.

Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuja kuwalipa askari wachache waliobaki hai, katika miaka ya 1960. Husimuliwa kwamba wazee wengi walifika bila karatasi yoyote, na kila mmoja alipewa fimbo ya ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kama yuko paredi, na kila mmoja akafuata amri bila kukosea. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno na huenda kimenogeshwa. Hata hivyo kila aliyeishi na mzee wa jeshi anajua jinsi mwili wake unavyohifadhi yale ambayo karatasi zimepoteza. Angalia anavyokunja blanketi. Angalia anavyosimama akiitwa jina.

Sasa jambo gumu. Askari wale wa Wajerumani ndio waliochoma mashamba na maghala ya kusini katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno kuliko bunduki. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa. Askari weusi walikuwa pale. Nusu karne baadaye, keya kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walitumwa katika misitu ya Kenya kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Kuna koo za Ruvuma ambazo upande wa baba una mtu aliyenyongwa na upande wa mama una askari. Nyumba kama hiyo isichague mmoja na kumficha mwingine. Waandike wote wawili, kila mmoja na aliyoyatenda na aliyotendewa. Wengi waliingia jeshini kwa njaa, kwa kodi ya kichwa, kwa amri ya jumbe, au kwa kuwa aliyeshindwa jana ndiye aliyepewa bunduki leo. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya keya kwa kuchukua askari waliokuwa wa Wajerumani, wakavaa kofia nyingine na vita vikaendelea. Kuyajua haya hakupunguzi heshima ya mzee. Kunaiondolea uongo.

Vita vya pili viliacha nyaraka nyingi zaidi, na watu waliopita ndani yake wengi tuliwakuta hai. Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya watu 300,000. Tanganyika peke yake karibu 87,000. Walipigana Ethiopia hadi Waitaliano waliposalimu amri Gondar, Novemba 1941. Walikwenda Madagaska mwaka 1942. Kisha ikaja Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya 1944, kwenye ruba, malaria na tope lililomeza magari, ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma huku wakipigana. Desemba walifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin, ambako daraja refu la chuma lilijengwa. Mzee akikwambia alivuka mto mkubwa Bama, muulize kama ulikuwa Chindwin. Akisema ndiyo, huenda umeshajua alikuwa divisheni gani na karibu mwezi gani.

Wengine hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa imepakia watu zaidi ya 1,500, wakiwamo askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Walikufa 1,297. Vijana wa bara ambao wengine waliiona bahari kwa mara ya kwanza siku walipopanda meli hiyo hawakupata kaburi, lakini majina ya wale wa kikosi cha 301 yamo kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Waliokufa Bama bila kaburi linalojulikana wanatajwa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, pamoja na wengine hadi karibu 27,000. Kama familia yenu ilipokea tu habari kwamba amepotea, mahali pa kuanzia ni hapo.

Na huhitaji nauli. Tume niliyoitaja ina orodha kwenye intaneti, inatafutwa bure kwa jina, kikosi na nchi. Shida ni tahajia. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, kwa hiyo Mwakyusa, Ochieng au Kibwana huweza kutokea kwa sura tano tofauti. Jaribu jina moja tu. Jaribu la baba yake baada ya neno bin au wa. Jaribu jina la utani au la ubatizo ambalo ukoo haukulitumia kamwe. Wapo vijana walioandikishwa kwa majina yasiyo yao ili wazazi wasiwapate, na wapo waliojitaja kuwa wa kabila jingine kwa sababu maofisa walilipendelea zaidi. Usipompata, usihitimishe kwamba mzee alidanganya.

Medali ukizipata sandukuni, usizing'arishe kwanza. Zile za vita vya kwanza huwa na jina na namba ya askari zimechongwa ukingoni, na kusugua kunazifuta. Za vita vya pili kwa kawaida hazina jina, lakini nyota zenyewe zinasema mahali. Nyota ya Afrika yenye utepe wa rangi ya mchanga huenda ilipatikana Ethiopia au Somalia, si lazima Misri. Nyota ya Bama ina utepe mwekundu katikati, buluu na chungwa pembeni. Kitabu cha kuachishwa jeshi, kikiwapo, kina thamani kuliko zote: namba, tarehe, cheo, na wakati mwingine tabia yake kwa maneno mawili ya ofisa. Kipige picha leo, kabla mchwa hawajakimaliza.

Usisahau waliobaki nyumbani. Askari wa vita vya pili aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa kwa mke au mzazi, na mama aliyetembea siku nzima hadi bomani kuichukua, akamkuta karani hana jina lake, ana vita vyake vya kusimuliwa. Barua zilikuja zimeandikwa na mwenzake anayejua kusoma, zimepita kwa mkaguzi wa jeshi. Mke alisomewa na mwalimu wa shule mbele ya watu. Kama barua moja tu imesalia, soma pia yale ambayo mwanamume hakuweza kuyasema mbele ya watu wote hao.

Waliporudi mwaka 1945 na 1946, kiinua mgongo kilitolewa kwa cheo na kwa rangi, na Mwafrika alipata sehemu ndogo ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Wengi walirudi wanajua kuendesha lori, kusoma gazeti, kutengeneza redio, na wanajua kwamba Mzungu huogopa na kufa kama mtu mwingine. Waruhiu Itote, koplo wa Bama, alikuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Bildad Kaggia, aliyetumikia Mashariki ya Kati na Uingereza, akawa miongoni mwa waliofungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Wengine wengi walinunua cherehani au baiskeli, wakaoa, wakanyamaza.

Unyamavu huo uheshimuni. Mzee asiyetaka kusema aliua wangapi ana sababu. Muulize mambo ya pembeni: walikula nini, viatu vilimtosha, nani alilala kando yake, waliimba nini wakitembea usiku, Kiswahili cha Mnyasa kilimchekesha vipi. Mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja.

Na kwa Tanzania, haya hayahusu waliokwisha kufa tu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vijana waliotoka vijijini na kwenye mgambo kwenda Kyaka na Mutukula leo ni wazee wa miaka 65 na kuendelea. Wako kwenye vijiwe vya kahawa, wanauza mkaa, wanalima, wanasubiri zamu hospitalini. Waliokufa wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba, kama vile waliofia ukombozi wa Msumbiji wanavyolala Naliendele, Mtwara. Kila 25 Julai taifa linawakumbuka, Rais anaweka ngao na mkuki mnarani, na hilo ni jema. Lakini taifa halijui kwamba baba yako mdogo alirudi na sikio moja lisilosikia.

Nenda kwake. Mpe shikamoo, keti chini, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi, na mwache aanze anapotaka. Andika namba yake ya jeshi, kikosi chake, njia aliyopita mji kwa mji. Mke wake akiwapo, muulize naye alizaa nani wakati mumewe yuko Uganda, na nani alimsaidia kulima. Kisha muulize mzee majina ya wenzake ambao hawakurudi, kila anayemkumbuka, pamoja na kijiji alichotoka na siku alipoanguka, kwa kuwa kuna nyumba Singida, Tarime au Newala ambayo mpaka leo haijawahi kuambiwa.